Jina Humfikiaje Mwenyewe? Madai Tisa ya Falsafa ya Lugha Yapimwa

Mtu akitamka "Nyerere" au "Zanzibar", msikilizaji anajua papo hapo anayesemwa ni nani au ni wapi. Jambo hilo hutokea kwa wepesi kiasi kwamba hatuoni la kuuliza. Wanafalsafa wameliuliza kwa karibu karne mbili, na majibu yao yameenea madarasani na katika mabishano ya wasomi, mara nyingi yakiwa yamekatwa mkia. Hapa tunapima madai tisa yanayorudiwa sana.

Kwanza tutenganishe maswali mawili. Swali la kwanza: jina linachangia nini katika maana ya sentensi? Swali la pili: ni nini kilicholifanya jina hili liwe la huyu na si la yule? Makosa mengi yaliyomo humu yamezaliwa pale jibu la swali moja lilipopachikwa kwenye lingine.

1. "Maana ya jina ni mwenye jina, hakuna zaidi."

NUSU KWELI. Mwingereza John Stuart Mill alilitetea wazo hili katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843. Alitoa mfano wa Dartmouth, mji ulioko mdomoni mwa mto Dart, kusini-magharibi mwa Uingereza. Jina lenyewe linaeleza mji ulipo. Lakini hata mchanga ukiziba mdomo wa mto, au tetemeko likihamisha mkondo wake, mji utaendelea kuitwa Dartmouth na hakuna atakayelalamika kwamba jina limegeuka uongo. Kwa Mill, basi, jina halimpi mtu sifa yoyote, linamwonyesha tu.

Aliyelitikisa wazo hilo ni Gottlob Frege, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Jena nchini Ujerumani, katika makala ya mwaka 1892. Nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni kitu kimoja: sayari ya Zuhura. Kama maana ya jina ni mwenye jina tu, kusema "nyota ya asubuhi ni nyota ya jioni" ni sawa na kusema "nyota ya asubuhi ni nyota ya asubuhi". Hili la pili kila mtu analijua hata akiwa amefumba macho. La kwanza lilihitaji watu waichunguze anga. Frege akahitimisha kwamba jina lina mambo mawili: kitu kinachotajwa, na namna kitu hicho kinavyojitokeza kwetu. Mill aliliona la kwanza. La pili lilimpita.

2. "Jina lisilo na mwenyewe ni kelele tupu."

SI KWELI. Mwaka 1846 Mfaransa Urbain Le Verrier alikokotoa mahali ilipopaswa kuwa sayari ambayo ilikuwa bado haijatambuliwa. Wanafalaki wa Berlin wakaelekeza darubini huko na kuiona Neptuni. Mwaka 1859 alitumia njia ileile kueleza hitilafu ndogo katika mzunguko wa Utaridi: lazima kuna sayari nyingine iliyo karibu zaidi na jua. Sayari hiyo ikaitwa Vulcan, ikatafutwa kwa miongo, hasa nyakati za kupatwa kwa jua. Mwaka 1915 Albert Einstein aliieleza hitilafu ya Utaridi kwa nadharia yake mpya ya mvutano, bila kuhitaji sayari yoyote ya ziada. Vulcan haikuwepo.

Sasa, kama jina "Vulcan" lisingekuwa na maana yoyote, wanafalaki wale wasingejua wanachotafuta, na wala wasingeweza baadaye kutangaza kwamba hakipo.

Tatizo ni namna ya kuieleza maana hiyo. Bertrand Russell alijaribu mwaka 1905 kwa sentensi iliyopata umaarufu mkubwa: "Mfalme wa sasa wa Ufaransa ana upara." Ufaransa ni jamhuri. Kwa Russell, sentensi hiyo inadai mambo matatu kwa pamoja: kwamba mfalme huyo yupo, kwamba ni mmoja, na kwamba ana upara. Dai la kwanza likianguka, sentensi yote ni uongo. Mwaka 1950 P. F. Strawson wa Oxford alimpinga: msemaji hadai kwamba mfalme yupo, analichukulia hilo kuwa limekwisha kukubalika, na kama mfalme hayupo, suala la ukweli au uongo halizuki. Wamebishana juu ya mengi, lakini hakuna kati yao aliyesema sentensi ile haina maana. Ndiyo sababu msomaji wa *Kusadikika*, riwaya ya Shaaban Robert, anaifuata kesi ya mhusika Karama hatua kwa hatua, ingawa nchi ya Kusadikika haimo katika ramani yoyote.

3. "Jina ni ufupisho wa sifa za mwenyewe."

SI KWELI. Hili ndilo jibu lililotawala nusu ya kwanza ya karne ya 20, likitokana na Russell na namna Frege alivyosomwa. Ukisema "Aristotle", ilidhaniwa, umefupisha maneno kama "mwanafunzi wa Plato aliyemfundisha Alexander".

Mwezi Januari 1970, Saul Kripke, Mmarekani mwenye umri wa miaka 29, alitoa mihadhara mitatu katika Chuo Kikuu cha Princeton bila kusoma kwenye karatasi. Mihadhara ilirekodiwa, ikachapishwa mwaka 1972 na kuwa kitabu mwaka 1980. Hoja yake tunaweza kuipima kwa jina tunalolijua. Nyerere alikuwa rais wa kwanza wa Tanganyika. Je, angeweza kutokuwa? Bila shaka. Mwaka 1955 alipaswa kuchagua kati ya ualimu wake Pugu na uongozi wa chama cha TANU. Angeweza kuchagua chaki, na urais ukaenda kwa mwingine. Lakini kama "Nyerere" ni ufupisho wa "rais wa kwanza wa Tanganyika", basi kusema kwamba Nyerere alikuwa rais wa kwanza ni kusema tu kwamba rais wa kwanza alikuwa rais wa kwanza, jambo lisiloweza kuwa vinginevyo. Hapo historia inageuka kuwa sheria ya mantiki. Kwa Kripke, jina humshika mtu yuleyule katika kila hali tunayoweza kuiwaza, awe na sifa hizo au asiwe nazo.

Hoja yake nyingine ni ya mtaani zaidi. Kripke aliwasikia watu wakisema kwamba Einstein ni mvumbuzi wa bomu la atomiki. Hakulivumbua. Kama jina lingefuata sifa iliyomo akilini mwa msemaji, watu hao wangekuwa wanawataja wanasayansi wa mradi wa bomu. Sivyo: wanamtaja Einstein, na wanasema uongo juu yake.

4. "Huwezi kumtaja mtu usiyeweza kumtofautisha na wengine."

SI KWELI. Kripke alitoa mfano wa Feynman. Mtu wa kawaida akiulizwa Feynman ni nani, atajibu: mwanafizikia fulani maarufu. Maelezo hayo yanawafaa wanafizikia wengi, lakini mtu huyo anapolitamka jina anamtaja Richard Feynman, si mwingine.

Hilary Putnam alilipanua jambo hili mwaka 1975 kwa kuonyesha kwamba jamii hugawana kazi ya kujua. Yeye mwenyewe alikiri kwamba hawezi kuitofautisha miti miwili ya kwao inayofahamika sana, lakini majina yake mawili kinywani mwake hayakuwa na maana moja. Kwetu ni vivyo hivyo kwa mninga na mkongo. Anayeagiza kabati la mninga huenda hawezi kuutambua ubao wake, bali ameagiza mninga. Akipewa mkongo amedanganywa. Seremala na muuza mbao ndio wanaobeba utambuzi huo kwa niaba yetu sote.

Swali la pili kati ya yale mawili, basi, halijibiwi kwa kuchungulia ndani ya kichwa cha msemaji mmoja. Picha aliyoichora Kripke ni ya mnyororo: mtu anapewa jina, waliokuwepo wanalitumia, wengine wanalipokea kwao kwa nia ya kumtaja yuleyule, nao wanalipitisha mbele. Anayelitamka leo anamfikia mwenyewe kwa kupitia pete zote hizo, hata kama hajui ni akina nani waliomtangulia.

5. "Jina likishatolewa, halihami."

SI KWELI, na ushahidi wake umetoka katika bahari yetu. Mwaka 1973 Gareth Evans, kijana wa Oxford aliyefariki mwaka 1980 akiwa na miaka 34 tu, alipinga picha ya mnyororo kwa kutumia jina Madagascar.

Msafiri Marco Polo hakufika kisiwani humo. Mwishoni mwa karne ya 13, akiwa kifungoni Genoa, alimsimulia mfungwa mwenzake habari za safari zake, zikiwemo zile alizozipata kwa kusikia tu kutoka kwa mabaharia. Miongoni mwake ilikuwa habari ya kisiwa kikubwa alichokiita kwa jina linalokaribiana na Madagascar, chenye tembo wengi na watu wanaokula nyama ya ngamia. Kisiwa kile hakina tembo wala ngamia wa asili. Wataalamu wanaona kwamba habari hizo ni za pwani ya bara, na kwamba jina lenyewe huenda ni la Mogadishu lililopotoka njiani. Evans alifuata maelezo hayo: jina la sehemu ya bara la Afrika liliangukia kisiwa kwa sababu Marco Polo hakuwaelewa waliomsimulia.

Angalia uzito wa hoja hiyo. Marco Polo alikusudia kulitumia jina kama walivyolitumia waliomwambia. Waliompokea nao walikusudia vivyo hivyo. Kila pete imeshikana na mwenzake. Kama mnyororo peke yake ndio unaoamua, "Madagascar" leo lingekuwa jina la kipande cha bara, na kila ramani ya dunia ingekuwa na kosa. Hakuna anayekubali hilo. Jina limehama, ingawa hakuna aliyelihamisha kwa makusudi.

Evans alipendekeza kwamba tutazame chanzo kikuu cha habari tunazozihusisha na jina. Habari zilizoendelea kukusanyika chini ya jina Madagascar, za mwambao wake, watu wake na wanyama wake, zilitoka kisiwani, si bara. Kadiri zilivyojaa, ndivyo jina lilivyohamia huko. Kripke mwenyewe, katika nyongeza ya mihadhara yake, alikubali kwamba mfano huo unadai kitu cha ziada: matumizi ya sasa ya jamii yanaweza kuuzidi nguvu uhusiano wa zamani.

Zanzibar ina historia inayofanana na hiyo. Waandishi wa Kiarabu na Kiajemi walilitumia jina la Zanj na nchi yake kwa sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki. Marco Polo alisikia na kusimulia kwamba Zanghibar ni kisiwa chenye mzunguko wa maili 2,000 hivi, ukubwa usiokaribia kabisa ule wa Unguja. Baadaye jina likasinyaa hadi visiwani. Na hata leo, kwa msemaji mmoja Zanzibar ni Unguja peke yake, kwa mwingine ni Unguja na Pemba. Ni pete zipi za mnyororo zinazoamua? Jibu halimo katika asili ya jina. Limo katika matumizi ya watu wanaolitumia sasa.

6. "Maelezo ya uongo yanaweza kumfikia mtu wa kweli."

KWELI, kwa sharti moja. Mwaka 1966 Keith Donnellan alitoa mfano wa mgeni katika tafrija anayeuliza, "Yule bwana anayekunywa martini ni nani?" Ndani ya glasi mna maji. Hata hivyo, kila aliyepo anajua ni nani anayeulizwa, na anaweza kujibu. Maelezo yamekosea, kidole kimefika.

Wengine walirukia kuhitimisha kwamba maneno basi humaanisha chochote ambacho msemaji anakikusudia. Kripke aliwajibu mwaka 1977 kwa kutofautisha anachokitaja msemaji na kinachotajwa na maneno yake. Msemaji alimtaja bwana yule. Maneno yake hayakumtaja. Tofauti hii si ya wanafalsafa peke yao. Mwenye kuandika wosia au mkataba wa kiwanja anaijua vizuri: msikilizaji wa karibu atakusamehe kosa la maelezo kwa sababu anakuona unakoelekeza macho, karatasi haioni.

7. "Maana za maneno zimo vichwani mwetu."

NUSU KWELI. Putnam, katika makala yake ya 1975, alitutaka tuwaze sayari pacha ya Dunia. Kila kitu kule ni kama huku, isipokuwa kimiminika kinachojaza mito na mitungi yao si H₂O. Ni mchanganyiko mwingine usiotofautika kwa macho wala kwa ulimi. Turudi mwaka 1750, kabla ya kemia kujua muundo wa maji. Mtu wa huku na pacha wake wa kule wana fikra zilezile vichwani, na wote wanasema "maji". Mmoja anataja H₂O, mwingine anataja kitu kingine. Kilichoko vichwani ni sawa, kinachotajwa ni tofauti. Kwa hiyo kichwa peke yake hakitoshi.

Hoja hiyo imewashawishi wengi. Isichukuliwe, hata hivyo, kwamba maabara ndiyo inayoamua kila mara. Jiwe liitwalo jade lilidhaniwa kuwa la aina moja hadi Mfaransa Alexis Damour alipoonyesha mwaka 1863 kwamba ni madini mawili tofauti. Watu hawakuliacha mojawapo. Yote mawili yanaitwa jade hadi leo.

Kwetu upo mfano wa upande wa pili. Tanzanite, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, kwa mtaalamu wa madini ni zoisaiti ya rangi ya buluu. Zoisaiti yenyewe inajulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 19, ilipopatikana Austria. Muundo mkuu ni uleule, lakini jiwe lile la Austria haliitwi Tanzanite na hakuna mnunuzi atakayelipia kama Tanzanite. Jina hilo lilitolewa na wafanyabiashara wa vito, kampuni ya Tiffany, mwaka 1968, na rangi pamoja na mahali jiwe linapotoka vina uzito kuliko kemia. Dunia inasaidia kuamua maneno yetu yanataja nini. Kiasi gani cha uamuzi tunaiachia, hilo tunaliamua sisi.

8. "Wittgenstein alisema maana ni matumizi, kwa hiyo kila mtu ana maana yake."

SI KWELI, mara mbili. Kwanza, Ludwig Wittgenstein hakulisema bila masharti. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake, aliandika kwamba maana ya neno ni matumizi yake kwa sehemu kubwa ya hali tunapolitumia neno "maana", si kwa zote. Na papo hapo aliongeza kwamba maana ya jina wakati mwingine huelezwa kwa kumwonyesha mwenye jina. Wanaoinukuu nusu ya kwanza huisahau nyongeza hii.

Pili, matumizi aliyoyazungumzia ni desturi za watu, si hiari ya mmoja. Sehemu maarufu ya kitabu hicho inapinga wazo la lugha ambayo mtu mmoja peke yake angeweza kuielewa: pasipokuwa na njia ya kutofautisha kutumia neno sawasawa na kudhani tu kwamba umelitumia sawasawa, hakuna kanuni, na pasipo kanuni hakuna maana. Anayemtumia Wittgenstein kutetea "kila mtu na maana yake" amemshika mtu asiye wake.

9. "Kripke aliumaliza mjadala."

SI KWELI, na yeye mwenyewe hakudai hivyo. Alisema wazi kwamba anatoa picha bora, si nadharia iliyokamilika. Hakuwa peke yake pia. Ruth Barcan Marcus aliyaeleza majina kama vibandiko visivyo na maelezo mwaka 1961, na Peter Geach aligusia mnyororo wa upokezano mwaka 1969.

Mwaka 1979 Kripke aliongeza fumbo lake mwenyewe. Pierre, aliyekulia Ufaransa, anaamini kwamba Londres ni mji mzuri. Anahamia mtaa duni wa London, anajifunza Kiingereza kwa kusikiliza majirani, na anaamini kwamba London si mji mzuri, bila kutambua kwamba ni ule ule. Je, anaamini London ni nzuri au hapana? Kripke hakutoa jibu.

Mwaka 2004 Edouard Machery na wenzake watatu waliwapa wanafunzi wa Rutgers, Marekani, na wa Hong Kong mfano wa kubuni kuhusu mwanahisabati Gödel, ambamo uvumbuzi wake mkuu kwa kweli ni wa mtu mwingine. Wa Marekani walielekea zaidi upande wa Kripke. Wa Hong Kong walielekea zaidi upande wa sifa. Wakosoaji, akiwemo Genoveva Martí, walijibu kwamba swali lililoulizwa lilipima maoni ya watu kuhusu majina, si namna wanavyoyatumia. Mabishano hayo yanaendelea.

Hukumu

Rudi sasa kwenye maswali mawili ya mwanzo. Kripke na Evans walishughulika hasa na la pili, la jinsi jina linavyompata mwenyewe, na hapo upokezano wa watu, ukirekebishwa na matumizi ya sasa, una hoja zenye nguvu kuliko sifa zilizomo kichwani. Frege alikuwa analichimba la kwanza, na Madagascar haimjibu. Kwa hiyo, ukimsikia mtu akitangaza kwamba nadharia fulani imeishinda nyingine, mwulize kwanza kila moja ilikuwa inajibu swali gani. Fumbo la nyota ya asubuhi na nyota ya jioni, lililochapishwa mwaka 1892, bado halijapata jibu linalokubaliwa na wote.